Mikono Miwili Kwenye Usukani

Bwana Finlay MacCuish, dereva wa basi la barabara ya magharibi, alistaafu Ijumaa iliyopita, tarehe 28 Machi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Katika muda huo alimaliza sare kadhaa, akachakaza mabasi matano na kumgonga kondoo mmoja tu, ambaye kwa maoni ya wote waliomfahamu kondoo huyo, alikuwa ameyataka mwenyewe.

Desturi ya jarida letu la kazini ni kwamba mstaafu huandikiwa wasifu na mwenzake wa karibu. Mwenzake wa karibu ni Rory, fundi wa gereji yetu, mtu mwema ambaye maneno kwake ni kama meno: hatoi mpaka ang'olewe. Rory alipewa karatasi nzima na wiki mbili. Akarudisha sentensi mbili: "Alifanya kazi. Basi lilifika." Chrissie Nicolson, anayesimamia ofisi na kulihariri jarida hili, alizisoma, akashusha pumzi, kisha akampigia simu mstaafu mwenyewe.

"Finlay, itabidi ujiandikie."

"Nijiandikie wasifu? Na kaburi nalo nijichimbie?"

"Andika kama vile unamwandika mtu mwingine. Na usijisifu."

"Hilo la kutojisifu halina tabu. Ningekuwa na cha kusifiwa, Rory angefika hata sentensi ya tatu."

Basi msomaji ajue mapema kwamba anayeandika ndiye anayeandikwa. Akikuta mahali pameandikwa kuwa mstaafu ni mtu mtanashati na mwenye busara, ajue habari hizo zimetoka wapi.

Bwana MacCuish alijiunga nasi akiwa kijana, baada ya kushindwa kazi ya kukata manyoya ya kondoo. Kondoo waliotoka mikononi mwake walikuwa na sura ya watu waliotoka vitani. Baba yake alisema afadhali apewe kitu kisichohisi maumivu, ndipo akapewa basi. Tangu hapo amebeba kila kitu kinachobebeka kati ya kijiji cha mwisho na gati la feri: dawa, matairi, keki ya harusi, bibi harusi wa keki hiyo hiyo, na mara moja meno ya bandia ya mzee mmoja ambaye mwenyewe alikuwa ametangulia mjini bila meno. Jumapili moja aliamka akidhani ni Jumatatu, akavaa sare, akatoka kwenda gereji huku kijiji kizima kikipita kwenda kanisani. Sisi Jumapili hata nguo hatuaniki, sembuse kuendesha basi. Ilichukua miezi watu kuacha kumwombea.

Lakini jambo linalomfanya akumbukwe si hayo. Ni lile lililompa jina. Kisiwani kwetu kina Finlay MacCuish wako wanne, na jina la ubatizo halikusaidii kumpata unayemtaka. Huyu alikuwa Finlay wa Basi. Leo hii ukimuulizia kwa jina hilo utaangaliwa tu. Ulizia Mikono Miwili.

Barabara ya magharibi ni ya gari moja. Mkikutana wawili, mmoja hujisogeza kwenye sehemu ya kupishana, na anayepita humwinulia kidole cha shahada kutoka kwenye usukani. Kidole kimoja ni asante. Viwili ni kwa ndugu. Kiganja kizima ni kwa mtu ambaye nyumbani kwake kuna mgonjwa. Kutoinua chochote ni kwa yule mliyefikishana kwa mwanasheria.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, asubuhi moja ya Oktoba, basi lilikuwa linapanda Druim Glas, kile kilima ambacho huoni kinachokuja upande wa pili mpaka ufike juu kabisa. Chini, mkono wa kushoto, ni ziwa. Karibu na kilele, Alasdair wa posta alikuwa amejisogeza pembeni na gari lake jekundu, akisubiri basi lipite. Mstaafu akamwinulia kidole. Kisha akakumbuka kwamba mke wa Alasdair ametoka hospitali juzi yake, akaona kidole hakitoshi, akainua kiganja kizima. Akageuza na uso ili tabasamu lionekane. Alipourudisha uso barabarani, kioo cha mbele chote kilikuwa lori.

Lilikuwa lori la samaki, na dereva wake alikuwa mgeni asiyejua kwamba Druim Glas hupandwa kwa adabu. Mstaafu alikata kona kushoto kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa bado hewani unamsalimia Alasdair. Lori likapita, likaondoka na kioo cha pembeni. Basi likasimama. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa halikanyagi kitu chochote.

Walinusurika chupuchupu, wote, bila hata mchubuko. Tena alikuwemo Bi Peigi MacAskill na trei ya mayai mapajani, na halikupasuka hata moja. Kisiwa kizima kiliyazungumzia mayai. Mpaka leo mtu akisimulia kisa kile huanza na mayai, na asipokatizwa humaliza na mayai, dereva asitajwe popote. Mstaafu hakulalamika. Alichofanya siku ile ni kufungua mlango, kuwaambia abiria "Samahani," na kuketi kwenye nyasi zilizolowa. Rory alipokuja na trekta alilivuta basi kwanza, halafu akamvuta dereva.

Ajali haina kinga, watu walimwambia. Yeye moyoni alikwisha kuipata kinga. Ule mkono wa hewani ndio uliotaka kuua watu. Tangu siku hiyo mikono yake miwili iligandamana na usukani, na vidole vyote kumi vikabaki chini, aje ndugu, aje mgonjwa, aje mchungaji.

Hakumwambia mtu. Hapo ndipo alipokosea hesabu, kwa sababu kwenye kisiwa hiki dereva asiyeinua kidole haitwi mwoga. Anaitwa mwenye kinyongo.

Wiki ya kwanza watu walidhani hajawaona. Wiki ya pili wakaanza kujiuliza wamemkosea nini, na kila mmoja, akichimba vizuri dhamiri yake, alipata jibu. Ngazi ya mstaafu, iliyopotea zamani hata akaisahau, ilirudi yenyewe ikakutwa imeegemezwa ukutani. Binamu yake Calum alikuja na chupa, akalia mezani kwa ajili ya kondoo dume ambaye mstaafu hakuwahi kujua kuwa alikuwa wake. Alasdair wa posta, maskini, aliamini analaumiwa kwa kusimama pale siku ile, akawa akiliona basi anarudi nyuma hadi kijiji kinachofuata. Mchungaji alihubiri juu ya shingo ngumu, macho yakiwa kwenye benchi la tatu, ambalo ndilo letu. Ndilo la mstaafu, yaani.

Mkewe, Effie, ndiye aliyelipia zaidi.

"Umegombana na nani tena wewe? Leo dukani nimeuziwa mkate wa jana."

"Sijagombana na mtu."

"Basi wapungie watu, mume wangu, tupate mkate."

Mtu mzima mwenye leseni, mwenye sare yenye vifungo vya kung'aa, angeanzaje kusema anaogopa kuinua kidole?

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Woga ukianza mkononi hauishii mkononi. Ulipanda mabegani, ukashuka mguuni, na asubuhi moja basi lilipofika chini ya Druim Glas mguu ule ukagoma kukanyaga mafuta. Mstaafu alizima injini. Akageuka akawaambia abiria, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba injini ni mgonjwa.

Rory akaja. Alifungua boneti, akaisikiliza injini iliyokuwa nzima kuliko sisi sote, kisha akamtazama mstaafu kupitia kioo. Aliitazama mikono iliyoganda kwenye usukani. Akafunga boneti.

"Filta," akasema.

Akaliendesha basi mwenyewe mpaka ng'ambo ya kilima, akashuka, akarudi kwa miguu kuchukua gari lake. Wiki iliyofuata injini ikaugua tena, mahali pale pale. "Filta," akasema Rory. Mara ya tatu alisema sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kusema kazini:

"Filta zitaisha, Finlay."

Zilikuwa zinaisha kweli. Chrissie alikwisha kupigiwa simu na wakubwa wa bara, ambao kwa muda mrefu walikuwa wanatafuta sababu ya kuifuta safari ya barabara ya magharibi. Basi linaloharibika kila wiki ni sababu nzuri. Na dereva mwingine hakuwepo. Hili halikuwa jambo la mstaafu peke yake. Bi Peigi, yule wa mayai, mumewe Iain alikuwa amepooza, yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee karibu na gati. Kila Jumanne na Ijumaa alimpelekea skonzi, akaketi naye mpaka chai ya saa kumi. Hakuwa na gari wala mtoto kisiwani. Alikuwa na basi.

Ijumaa iliyofuata mstaafu alitoka nyumbani akiwa ameamua. Angefika gati, akifika, angempa Chrissie funguo, na habari yake ingeishia hapo. Chini ya Druim Glas mguu ukagoma kama kawaida. Akazima injini. Bi Peigi akaja mbele, mkoba wa skonzi mkononi.

"Filta?"

"Filta, Bi Peigi."

"Mwanangu, mimi nimelala na fundi wa matrekta miaka arobaini. Filta haiogopi kilima."

Mstaafu alitazama usukani. Kisha, kwa sababu alikuwa anaacha kazi na hana tena cha kupoteza, akasema yote.

"Siwezi. Nikikiona kilele kile naliona lori. Nikiona gari la mtu, mkono unataka kuinuka, mimi naukatalia, tunashindana mimi na mkono wangu, na tukishindana hakuna anayeendesha. Leo narudisha funguo."

"Ukirudisha, mimi kwa Iain nafikaje? Naogelea?"

"Watatafuta dereva mwingine."

"Nani, Rory? Abiria tutakufa kwa ukimya."

Kutoka kiti cha nyuma kabisa ikasikika sauti ya Dolina, mama mwenye duka, yule yule wa mkate wa jana.

"Ngoja kwanza. Kwa hiyo hukutununia?"

"Sijamnunia mtu."

"Na mimi juzi nimempelekea Effie keki ya kuomba radhi!"

"Radhi ya nini?"

"Nijue mimi? Nilidhani wewe ndiye unajua!"

Bi Peigi hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha mbele kando ya mlango, akaweka mkoba mapajani, akavuta glavu yake nyeupe ya sufu mpaka kiwikoni.

"Wewe shika usukani kwa mikono miwili. Ukiweza, shika na kwa meno. Kupunga niachie mimi."

Basi likaondoka. Jasho lilimtoka mstaafu mpaka kofia ikateleza. Alasdair wa posta aliliona basi linakuja, akaanza kurudi nyuma kama alivyozoea, mara akaona dirishani glavu nyeupe inapunga kwa nguvu zote. Furaha yake ilikuwa kubwa hata nusura aingie mtaroni. Basi likapanda. Kilele kikakaribia. Glavu ikaendelea kupunga. Barabara ilikuwa tupu, lakini glavu ilipunga tu, ikampungia kondoo, ikakipungia kibao cha barabara, ikapungia kwa heshima zote pipa la taka la kijani lililokuwa kwenye lango la kina Campbell, pale pale juu kabisa.

"Bi Peigi," akasema mstaafu, "unampungia nani?"

"Si Alasdair?"

"Alasdair tumemwacha chini. Hilo ni pipa la taka."

Glavu ikasimama hewani.

"Kwani tumefika wapi?"

Mstaafu akaibia kumtazama. Ajuza alikuwa ameketi wima, mkono juu, na macho ameyafumba kabisa.

"Umefumba macho?"

"Tangu siku ya lori. Kila Jumanne na kila Ijumaa nikifika hapa nafumba, mpaka nisikie tunateremka. Ulidhani ndani ya hili basi ulikuwemo peke yako?"

Hapo mstaafu alishikwa na kicheko ambacho alikuwa hajakipata tangu Oktoba. Alicheka akiwa ameng'ang'ania usukani. Nyuma yake Dolina alikiri kwamba yeye hapo hushika kiti cha mbele yake pamoja na nywele za anayekikalia, na mwalimu mmoja wa zamani akakiri kwamba husoma zaburi kimoyomoyo, na kwamba siku basi likienda haraka huruka aya. Walikuwa wote wanaogopa. Wiki zote zile walipanda kilima kile pamoja, kila mtu na woga wake amefunika mapajani kama sahani ya wizi. Mstaafu alipomaliza kucheka na kutazama vizuri barabara, aliona gati. Druim Glas ilikuwa imeshapita, naye hakuwa ameiona.

Funguo hazikurudishwa. Mtu asidhani hata hivyo kwamba woga uliisha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mstaafu aliendelea kushtuka kwa miaka kumi na mmoja. Tofauti ni kwamba alishtuka kwa sauti. Wakifika chini ya kilima alisema, "Haya, jamani, naogopa," na abiria wakajibu, "Nasi pia, endesha," na basi likapanda. Wageni wenye kamera walioisikia sala hiyo mara ya kwanza walikuwa wakiuliza kama kuna kituo karibu cha kushukia.

Kiti cha mbele kikawa kiti cha kupunga, na Jumanne na Ijumaa kilikuwa cha Bi Peigi. Alijifunza kufumba jicho moja tu. Hilo lilileta matatizo yake, kwa sababu sasa aliwaona watu, na yeye alikuwa na ugomvi wa tangu ujanani na familia mbili ambazo hakukubali kuzipungia kwa niaba ya mtu yeyote. Mstaafu alilazimika kwenda kuwaeleza kwa miguu, jioni, kwamba Jumanne na Ijumaa wasimhesabie.

Iain alipofariki, Bi Peigi aliendelea kupanda basi siku zile zile. Alisema skonzi zimeshazoea safari. Akawa anawapelekea wazee wengine wa ile nyumba ya karibu na gati, na kuwalalamikia kwamba hawajui kula kama Iain. Majira ya baridi yaliyopita naye akatutoka. Mstaafu ndiye aliyewaendesha waombolezaji, na alilia njia nzima. Kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa kazini, hakuwa na wa kufutia machozi, ikabidi Effie asimame nyuma yake na kitambaa.

Ijumaa iliyopita, safari ya mwisho, basi lilijaa. Watu walisimama mpaka mlangoni, ila kiti cha mbele kilikuwa kitupu, hakuna aliyethubutu. Chrissie ndiye aliyemsukuma Rory akikalie. Rory alikuwa amevaa koti la mazishi, la pekee alilo nalo. Alimpungia kila tuliyekutana naye, mmoja mmoja, kwa uso wa mtu anayehesabu nati.

Chini ya Druim Glas mstaafu alisema maneno yake, basi zima likamjibu, wakapanda. Juu hapakuwa na mtu. Hakukuwa na gari, wala kondoo. Kwenye lango la kina Campbell lilisimama pipa la taka la kijani, kifuniko kikipigwa na upepo. Mstaafu aliliona likija. Aliona pia, kwa mshangao mkubwa, kwamba mkono wake wa kushoto umeuachia usukani. Kikainuka kidole. Kisha akaona kidole hakitoshi, akainua kiganja kizima.

"Hilo ni pipa," akasema Rory.

"Najua."

Rory akafikiri kidogo, naye akalipungia.

Bwana MacCuish anamshukuru Chrissie, aliyewajibu wakubwa wa bara kwamba filta za siku hizi ni mbovu. Effie, aliyekula mkate wa jana. Na Rory, ambaye sentensi zake mbili, sasa baada ya kurasa zote hizi, mstaafu anaona zilitosha. Zaidi ya wote anawashukuru abiria waliokuwa wanaogopa pamoja naye. Nasi, yaani yeye, tunamtakia mapumziko mema na barabara nyeupe mbele yake.

Atakuwa akipita humo humo na gari lake dogo la bluu. Mkikutana naye, mpungieni. Asipoinua kidole msimletee keki, wala msirudishe ngazi. Hajakasirika.